Msaada Kwanza, Kisha Kipimo

Mhadhara kwa wananchi wa Kirando, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa

 

Nimekuja kuzungumza juu ya mchezo ambao hauna uwanja hata mmoja kuanzia ufukwe huu hadi Sumbawanga mjini. Unaitwa dresaji. Ni mchezo wa kumwongoza farasi kwa utulivu na usahihi, na ninaotaka kuueleza hapa ni ule unaoshindaniwa na watu wenye ulemavu. Naliona swali nyusoni mwenu: farasi na Kirando wapi na wapi? Swali hilo ni la haki na nitalijibu, lakini nipeni nafasi nianzie mbali kidogo.

Septemba 1944, nchini Denmark, mwanamke mmoja aitwaye Lis Hartel aliugua polio. Alikuwa na umri wa miaka 23, mpanda farasi hodari, na alikuwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Mtoto alizaliwa salama. Mama yake ndiye aliyebaki na kazi ya kujifunza upya kuinua mkono, kisha kutambaa, kisha kusimama kwa magongo. Nguvu ya mapaja ilirudi nusunusu. Kuanzia magotini kwenda chini haikurudi tena maisha yake yote. Lakini Lis alidai apandishwe juu ya farasi. Akapandishwa, akaanguka, akapandishwa tena. Mwaka 1947 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya nchi za Skandinavia. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika dresaji. Kabla ya hapo ulikuwa mchezo wa wanaume peke yao, hasa maofisa wa jeshi. Wanawake wanne waliingia, na Lis alikuwa mmojawao. Alisaidiwa kupanda na kushuka, ila akiwa juu ya farasi wake jike, Jubilee, hakuna aliyemsaidia. Akapata medali ya fedha. Aliyemshinda, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemshika kumsaidia kupanda jukwaani kupokea medali. Miaka minne baadaye Lis alichukua fedha tena, nyuma ya Saint Cyr yule yule.

Siyo Olimpiki ya walemavu hiyo. Ni Olimpiki yenyewe, alishindana na wanaume wenye miguu yao, katika mchezo ambao miguu ndiyo inayozungumza na farasi.

Nimemtaja mgonjwa wa polio makusudi. Tanzania ilikuwa imetambuliwa kuwa haina polio tangu mwaka 2015. Halafu katikati ya mwaka 2023 mtoto mdogo katika mkoa huu huu wa Rukwa alipooza, na vipimo vikaonyesha ni kirusi cha polio cha aina ya pili, kile ambacho chanzo chake ni kirusi kilichodhoofishwa cha chanjo ya matone, kikazunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa mpaka kikapata makali upya. Kinga yake ni kuchanja watoto wote, basi. Septemba ile wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Walimaliza kazi yao wakaondoka, na shughuli ya mtoto aliyekwisha kupooza ndiyo ikaanza. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo nimewaona watoto kama hao wengi, na jambo linaloniumiza zaidi si misuli yao. Ni kwamba baada ya miezi michache hakuna mtu anayewadai kitu chochote. Mwenzake anatumwa maji, anatumwa dukani, anaulizwa matokeo ya mtihani. Yeye anaambiwa, pole mwanangu, kaa hapo. Anakaa hapo miaka thelathini.

Sasa tuingie uwanjani.

Dresaji si mbio, wala si kuruka viunzi. Uwanja ni mstatili wa mchanga, upana wake mita 20 na urefu mita 40 au 60, na pembezoni pamewekwa herufi. Mpandaji anaingia peke yake na farasi wake, anasimama, anasalimu majaji, kisha anafanya mfululizo wa mambo yaliyoandikwa tangu mwanzo: kuanzia herufi hii nenda kwa hatua, pale geuka mduara wa mita 10, pale anza mchakamchaka, pale simama wima miguu minne sambamba. Kila tendo linapewa alama kuanzia 0 hadi 10, na mwisho zinajumlishwa na kugeuzwa kuwa asilimia. Farasi akisimama hatua moja baada ya herufi, alama inapungua. Mduara ukiwa na umbo la yai, alama inapungua. Na amri lazima zisionekane kwa mtazamaji: kuhamisha uzito kidogo kiunoni, kubana paja, kulegeza vidole kwenye hatamu.

Ninyi mnaolima huko juu uwandani, Chala na Namanyere, mnalijua jambo hili kwa maksai. Maksai mchanga anafungwa nira pamoja na mkubwa aliyekwisha kufundishwa, anapigiwa kelele, anavutwa kamba. Mwaka wa pili kelele zinapungua. Yule aliyefundishwa vizuri anageuka mwisho wa tuta kwa sauti ya chini ya mtu anayemfahamu, na plau haitoki mstarini. Mkulima mzembe mnamtambua kwa kiboko kinavyopanda na kushuka. Ndivyo majaji wa dresaji wanavyomtambua mpandaji mzembe.

Mchezo huu ukiwa hivyo, mtu asiye na mguu, au mwenye mkono usiotii, au asiyeona, atashindana vipi? Hapa ndipo palipo na utajiri wote wa jambo nililolileta, na naomba nikae hapo kidogo.

Kabla ya shindano lolote, mpandaji hupimwa na wataalamu wa mwili wa binadamu. Wanapima nguvu ya kila kundi la misuli, viungo vinavyokunjika na visivyokunjika, mwili unavyotii na usivyotii, macho yanavyoona. Hawaulizi ni hodari kiasi gani wala ana medali ngapi. Kisha anawekwa katika daraja, kuanzia la kwanza hadi la tano. Daraja la kwanza ni la wenye ulemavu mzito zaidi, na mtihani wao hufanywa kwa mwendo wa hatua tu. Daraja la pili na la tatu wanaongeza mchakamchaka. La nne wanaongeza shoti nyepesi, na la tano, pamoja na hayo yote, wanampeleka farasi mbele huku akienda upande, miguu ikipishana. Msidhani daraja la kwanza ni la kubembelezana. Farasi akikimbia huficha makosa mengi ya mpandaji. Akienda hatua hafichi hata moja. Kila mkazo wa mwili, kila hofu, farasi anaionyesha kwa shingo na kwa urefu wa hatua.

Baada ya daraja, vinakuja vifaa. Kila mpandaji ana cheti kilichoandikwa vifaa anavyoruhusiwa, kimoja kimoja. Mwenye vidole visivyofumba anapewa hatamu zenye vitanzi, anapitisha mkono ndani ya kitanzi na kumwongoza farasi kwa kifundo cha mkono. Asiyeweza kubana miguu anashika fimbo mbili nyembamba, moja kila mkono, naye anagusa ubavu wa farasi mahali ambapo mguu ungemgusa. Mwenye miguu inayorukaruka yenyewe anafungiwa mpira laini kati ya kikuku cha kukanyagia na mshipi wa tandiko, mguu utulie. Asiyeweza kuachia hatamu kwa ajili ya kusalimu anasalimu kwa kuinamisha kichwa, na majaji wanaihesabu ni salamu kamili. Mpandaji asiyeona kabisa anafungwa macho kwa kitambaa au miwani ya giza, ili mwenye mwanga kidogo asimzidi mwenzake, kisha watu wanasimama kwenye herufi wakiziita kwa sauti, naye anajua kona ilipo kwa sikio.

Kuna kanuni moja ninayoipenda kuliko zote: hakuna ruhusa ya kumfunga mpandaji kwenye farasi. Kila mkanda, kila mpira, lazima uachie wenyewe mpandaji akianguka. Waliotunga kanuni hii waliona kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuanguka kama mtu mwingine yeyote, na ana haki ya kutokuburuzwa.

Basi mpandaji amepimwa, amepewa daraja, vifaa vyake vimekaguliwa. Anaingia uwanjani. Kuanzia hapo huruma imekwisha. Jaji anamtazama farasi: anakwenda kwa mdundo, ametulia, amenyooka, amefika herufi kwa wakati? Hakuna alama ya nyongeza kwa historia ya kusikitisha. Mtu aliyepata ajali mbaya na mtu aliyezaliwa hivyo wanapata 5 ile ile kwa mduara mbovu ule ule. Na mpandaji anayepata 8 anajua kwamba ni 8 ya kweli, hakupewa kwa sababu kuna mtu alitokwa machozi jukwaani.

Hilo ndilo neno langu la leo. Msaada uje kwanza, uwe kamili, uandikwe, uwe haki ya mtu na si fadhila. Ukishakamilika, kipimo kisilegee hata kidogo. Sisi hapa, kwa mapenzi mema kabisa, tumepindua: msaada hatutoi, na kipimo tumekiondoa.

Yupo mpandaji wa Uingereza, Lee Pearson, aliyezaliwa mwaka 1974 misuli ya mikono na miguu ikiwa imejikunja na kukakamaa. Akiwa mtoto wa miaka 6 alipewa tuzo ya watoto jasiri, akapelekwa nyumbani kwa Waziri Mkuu, Margaret Thatcher, naye Waziri Mkuu akambeba mikononi kumpandisha ngazi. Sitamlaumu mama yule; alifanya kilichokuwa mbele yake. Lakini fikirini. Mtoto anabebwa, picha inapigwa, na ngazi zinabaki pale pale. Miaka ishirini baadaye mtoto yule yule aliingia uwanja wa Paralimpiki ya Sydney 2000 juu ya farasi na kutoka na dhahabu tatu. Athens 2004, tatu. Beijing 2008, tatu, ingawa farasi wenyewe walishindania Hong Kong. Alipomaliza Tokyo alikuwa na dhahabu 14, na farasi aliyempanda huko, Breezer, alimzalisha mwenyewe shambani kwake. Aliyemfikisha huko si aliyembeba ngazini. Ni wale waliokaa naye wakauliza: mkono wako unafika wapi, tuweke fimbo wapi?

Nami nimewaona watu wakibebwa hapa ziwani. Kwa miaka mingi, katika vituo vingi vya ziwa hili, abiria wa meli ya MV Liemba walishuka na kupanda kwa mitumbwi, katikati ya mawimbi, mizigo na migebuka ikipita vichwani. Mtu asiyetembea alirushwa mikononi mwa vijana kutoka mtumbwini hadi mlangoni mwa meli, usiku mara nyingi, wengine wakicheka, wengine wakimwombea. Vijana walikuwa na nguvu na moyo mwema. Wala sijamsikia abiria aliyeulizwa kwanza: tukushike wapi? Upande gani una maumivu?

Jana jioni pale ufukweni nilimkuta fundi wa nyavu ambaye miguu yake haijafanya kazi tangu utotoni. Ameketi juu ya gunia lililokunjwa mara nne, mgongo ameuegemeza kwenye mtumbwi uliopinduliwa, na mbele yake kuna kigingi alichochimbiwa na wenzake ili wavu ukazwe bila yeye kutumia vidole vya miguu kama mafundi wengine wanavyofanya. Sindano inakwenda kwa kasi ambayo jicho langu halikuifuata. Mwenye wavu akaja, akapitisha vidole, akasimama mahali pamoja. Macho matatu ya wavu yalikuwa mapana kuliko mengine. Akasema, hapa dagaa watapita, fumua. Fundi akafumua, akashona upya, na hakuna aliyeomba radhi wala aliyenuna. Nilifurahi mno. Gunia, mtumbwi na kigingi ni msaada. Yale macho matatu ni kipimo. Kirando inalijua jambo hili tayari, ila mahali pamoja tu, na kwa mtu mmoja.

Turudi kwa swali lenu la farasi.

Farasi hakufika kwetu kwa sababu ya wadudu, si kwa ujinga wa mababu. Mbung'o humwambukiza nagana. Visubi wadogo wa usiku humletea ugonjwa wa Kiafrika wa farasi, ambao ukimkuta farasi asiye na kinga huua wengi zaidi kuliko unaowaacha. Pundamilia wanaishi nao bila shida, punda wanauhimili, farasi hufa. Ndiyo maana wageni waliokuja bara kutoka pwani walipanda punda, na punda nao hawakuwa salama. Februari 1858 Waingereza wawili walifika kwenye vilima vya mashariki ya ziwa letu hili, upande wa Ujiji. Mmoja, Richard Burton, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa homa, anabebwa kwa machela. Mwingine, John Hanning Speke, alikuwa amepofuka karibu kabisa kwa ugonjwa wa macho, yuko juu ya punda. Punda akafa njiani, kwenye mpando ule ule. Walipofika juu, kila mtu aliliona ziwa isipokuwa Speke, aliyeona ukungu tu. Katika msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, na alitumika kuwa macho na mdomo wao katika nchi hii. Vitabu vya shule vinatwambia hao wawili ndio waliolifikia ziwa. Haviongezi kwamba siku ile mmoja hakuweza kutembea na mwingine hakuweza kuona, na kwamba walifika kwa mabega na kwa sauti za Waafrika ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Watu wenye ulemavu wamekuwa sehemu ya habari za ziwa hili muda mrefu, na wasaidizi wao pia.

Nchi isiyo na farasi wengi inaweza kuwa na bingwa wa dresaji, ingawa kwa njia ngumu. Laurentia Tan wa Singapore ana mtindio wa ubongo na hasikii kabisa. Alikulia Uingereza, akajifunza huko, na mwaka 2008 aliiletea Singapore medali zake za kwanza za Paralimpiki. Katika dresaji kuna mtihani unaofanywa kwa muziki. Yeye muziki hausikii. Anaupata mdundo mgongoni mwa farasi. Afrika Kusini walikuwa na Philippa Johnson, aliyepoteza matumizi ya mkono wa kulia baada ya ajali ya gari mwaka 1998. Alishinda dhahabu Athens, kisha dhahabu mbili mwaka 2008 juu ya farasi wake Benedict. Jirani zetu wa Nairobi wapo wanaojitolea kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu ili viungo vyao vijifunze mizani. Hata hivyo sitaki kuwauzia ndoto. Huu ni mchezo wa gharama kubwa. Katika mashindano ya timu, Uingereza ilitwaa dhahabu ya kila Paralimpiki tangu Atlanta 1996 hadi Tokyo, na ni Marekani tu iliyoivunja zamu hiyo huko Paris 2024. Nchi zenye mazizi ndizo zenye medali. Zamani, Atlanta na Sydney, wapandaji walipewa farasi wa kuazima wa wenyeji, na nadhani mchezo ulikuwa karibu zaidi na maskini wakati ule. Tangu Athens kila mtu anakuja na farasi wake, na farasi wa aina hiyo bei yake inajenga zahanati.

Kwa hiyo farasi tumwache huko aliko. Tuchukue kanuni zake, kwa maana zenyewe hazina mbung'o.

Wapo wa kwetu waliokwisha kuzichukua. Timu ya taifa ya soka ya wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 huko Istanbul. Wachezaji wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, kipa ana mkono mmoja. Magongo ni halali kukimbilia, lakini ukigusa mpira kwa gongo makusudi ni kosa sawa na kunawa. Mnaona? Msaada umeandikwa, mpaka wake umeandikwa, kisha mchezo ni mchezo.

Na yupo dada wa Mombasa, Asiya Mohammed Sururu. Akiwa na umri wa miaka 2 aligongwa na treni akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole. Alicheza tenisi ya kiti cha magurudumu, kisha akaingia mchezo wa kupiga makasia, na akaiwakilisha Kenya kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Anashindana katika kundi la wanaotumia mikono na mabega tu: kiti hakitembei, kina mgongo, kifua kinazuiwa kwa mkanda, na mashua ina maboya mawili pembeni yasiyoiacha ipinduke. Mkanda ule lazima ufunguke kwa mvuto mmoja wa mkono. Kanuni ile ile ya farasi, imevaa nguo ya maji. Umbali wake ni mita 2,000, sawasawa na wapiga makasia wengine wote.

Sasa nisikilizeni ninyi watu wa ziwa.

Kirando ina mitumbwi. Ina watu wanaojua kafi kuliko wanavyojua kalamu. Ina ghuba ambazo asubuhi, kabla upepo haujaamka, maji yake ni bapa. Napendekeza tuanzishe hapa mashindano ya mtumbwi yasiyo ya mbio. Yawe ya usahihi, kama dresaji. Tutie maboya ya madumu manane yaliyopakwa herufi, kila moja na jiwe lake chini, mahali ambapo wazee wamehakikisha hapana mamba. Mpiga kafi aingie kwa mstari ulionyooka, asimame kwenye herufi, azungushe mtumbwi duara bila kugusa dumu, arudi kinyumenyume, ategeshe ubavu pwani bila kugonga. Kila tendo lipewe alama kuanzia 0 hadi 10.

Wenye ulemavu wa miguu wapewe kiti cha ubao chenye mgongo. Wenye mkono mmoja wenye nguvu wapewe kafi yenye kitanzi. Wasioona wawe na watu wa kuwaitia, mmoja katika kila dumu, wakiita herufi tu bila neno la ziada. Kila mtu avae koti la kujiokolea, na mtu yeyote asifungwe kwenye mtumbwi, hata kwa nia njema, hata mama yake akisisitiza. Mganga wa kituo cha afya na mwalimu wakae na kila mshiriki kabla, waandike daraja lake na vifaa vyake kwenye karatasi yenye jina lake.

Mtaniuliza fedha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, na mkataba wa kimataifa wa haki zao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Michezo imo ndani ya mkataba huo, kifungu cha 30. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo ya kazi, si ya michezo, nami sitaki ipotoshwe. Ila kijana aliyejifunza kuutii na kuutawala mtumbwi kwa kiti chenye mgongo anaweza kuomba mkopo wa mtumbwi wenye kiti kile kile, akavusha abiria au akatega dagaa, na ofisa akimuuliza ana uzoefu gani atatoa karatasi yake ya alama. Kwa mara ya kwanza atakuwa na karatasi inayosema anachoweza, badala ya barua inayosema anachokosa.

Wazazi wana hofu, najua. Mama mmoja aliniambia, mwanangu akizama nitajibu nini kwa ukoo. Namheshimu. Ndiyo maana nasema makoti kwanza, mtumbwi wa uokoaji kwanza, na siku ya kwanza ifanyike kwenye kina cha kiuno. Lakini asiniambie mtoto akae kivulini kwa usalama. Miaka thelathini ya kivuli nayo inaua, ila haina matanga.

Majaji nawaomba wawe ninyi wazee wavuvi. Mnaona mtumbwi uliopindishwa nusu kafi kutoka umbali ambao mimi sioni hata mtumbwi wenyewe. Ninachowaomba ni kimoja kigumu: mjukuu wako akigusa dumu, mpe alama ya aliyegusa dumu. Msimamizi wa daftari awe mwanafunzi wa sekondari, na alama zisomwe kwa sauti papo hapo, za juu na za chini.

Fundi seremala yuko hapa, amekubali. Kesho asubuhi atakuwa pale penye mitumbwi na kamba yake ya kupimia. Wenye watoto au ndugu wasiotembea waje nao, wakiwa na kitu cha kukalia, kwa sababu ubao hautakatwa kabla ya mgongo wa kila mmoja kupimwa ukiwa umekaa, na mwenye mgongo aulizwe wapi panauma.